Nailoni nyuma ya mbao za sauna iliniponza

Mkuu, umeuliza kama nailoni nzito ya ujenzi inatosha kuzuia mvuke nyuma ya mbao za sauna, yaani chumba cha joto kali cha kukaa utokwe jasho, au ni lazima ununue foili ya alumini. Nunua foili. Nasema hivi kwa sababu mimi nilianza na hiyo nailoni.

Sauna yangu ya kwanza niliijenga mwenyewe kwa kubana matumizi. Mwaka wa kwanza haikuwa na neno. Mwaka wa pili ikaanza harufu, ile ya nguo zilizokunjwa mbichi, na kila jiko lilivyozidi kupata moto ndivyo nayo ilivyozidi. Nikabandua mbao tatu pale juu ya jiko. Nailoni ilikuwa imelegea na kujikunyata, na kila penye pini pamechanika tundu la kupitisha kidole. Nikachomoa kipande cha pamba ya mawe, ile ya kuzuia joto lisitoke ukutani, nikakiminya, maji yakanitiririka mpaka kwenye kiwiko. Fremu ilikuwa imeshakuwa nyeusi, bisibisi inazama bila kusukumwa.

Nailoni ya kawaida ya ujenzi, yaani polithini, huyeyuka kwenye nyuzi 110 hivi za Selsiasi, na hulegea mapema zaidi. Sauna unayoizoea kwa nyuzi 80 au 90 pale ulipokaa, darini juu ya jiko inaweza kupita 100. Kwa hiyo nailoni inashindwa palepale unapoihitaji zaidi. Foili zenye mapovu ya plastiki katikati nazo ziache, ugonjwa ni uleule. Chukua foili ya alumini iliyotengenezwa kwa ajili ya sauna.

Watu hudanganywa na ule ukavu wa hewa ya sauna. Hewa ya nyuzi 85 yenye unyevu wa asilimia 10 tu itaanza kutoa umande ikigusa kitu chenye nyuzi 35 hivi, na hapo hujamwaga hata kata moja ya maji juu ya mawe ya jiko. Ndani ya ukuta, sehemu ya nyuzi 35 haikosekani. Mvuke ukipenya mpaka hapo unageuka maji, na pamba inayanywa.

Ndiyo maana foili inakaa upande wa joto: kwanza pamba kati ya miti ya fremu, kisha foili, kisha papi (vile vipande vyembamba vya mbao vya kupigilia), mwisho mbao. Upande wa nje usiweke kitu kingine cha kuziba mvuke. Mimi niliweka nailoni pande zote mbili nikijiona mjanja, kumbe nimeufungia unyevu ndani hauna pa kutokea. Nje inatakiwa karatasi inayozuia upepo lakini inapumua.

Sasa viungio, maana hapa ndipo kazi ilipo. Foili nzuri yenye viungio vibovu ni hasara tupu. Anza chini kwenda juu, kipande cha juu kikipanda mbele ya cha chini kwa sentimita 10 hivi, ili maji yakitiririka yabaki upande wa chumbani. Foili ya dari nayo ishuke ukutani vivyo hivyo, na ile ya chini kabisa ishuke mbele ya kizuia maji cha sakafu. Tumia tepu ya alumini yenye gundi inayohimili joto. Ya plastiki itabanduka. Futa vumbi kwanza. Mimi nilikuwa napiga pasi kila kiungio kwa mgongo wa kijiko mpaka mistari ya foili ya chini ionekane juu ya tepu. Inachosha mno, lakini sijawahi kurudia kiungio. Vichwa vya pini navyo vipate tepu. Ukimaliza zima taa, ulaze tochi ubavuni mwa ukuta: tundu linaonekana kama doa jeusi.

Kona usizivute zikakaza, acha foili ilegee kidogo, la sivyo papi zitaichana. Nyaya zipitishe kwenye matundu machache iwezekanavyo, uzibe pembeni kwa tepu, na taa iwe ya kubandika juu ya mbao, si ya kuzamisha ukutani. Aina ya waya muachie fundi umeme.

Papi za milimita 20 zinatosha. Usiziruke ukapigilia mbao moja kwa moja juu ya foili, kwa maana foili inarudisha joto ikiwa tu ina nafasi ya hewa mbele yake, na mbao zinahitaji kukauka mgongoni. Acha upenyo juu na chini. Mbao zako zikisimama wima, papi zitalala na kuziba njia ya hewa, basi zikate uache mapengo.

Sauna ya magogo mazima ni habari nyingine, ile haihitaji foili.

Halafu kabla ya kufunika, piga picha fremu ikiwa na futikamba pembeni. Mimi nilisahau, nikaja kutafuta mti wa kushikiza benchi kwa kubahatisha. Nilitoboa foili mara saba, ikabidi nibandue mbao ili kila tundu lipate tepu yake.