Mtoto wa Kiume Anapokulia Mtaa Wenye Risasi

Wazazi wenzangu mnaolea watoto wa kiume katika miji mikubwa ya Marekani, wengi wenu mnaniuliza swali lile lile: usiku mtoto kasikia risasi, asubuhi anakuta polisi wamefunga barabara, nimwambie nini? Mimi naishi Chicago, na jioni nasaidia wavulana kwenye kituo cha vijana Pilsen, mtaa wa Wameksiko. Nionavyo, kumwambia kwamba dunia ni nzuri hakutamsaidia, kwani macho anayo. Mwonyeshe kitu kizuri kilichotengenezwa na watu wa mtaa wake, kisha mpe kazi ya kufanya humo.

Pilsen, mshukuru Mungu, vitu hivyo vimejaa. Ukishuka stesheni ya treni ya 18th Street, ngazi na kuta zote ni michoro. Ukiufuata ukuta wa reli wa 16th Street ni michoro tena. Makumbusho ya National Museum of Mexican Art yalifunguliwa 1987 na kiingilio ni bure, kwa hiyo hata mama anayefanya kazi mbili anaingia na wanawe wote.

Ila mweleze mtoto jinsi vitu hivyo vilivyopatikana. Familia nyingi zilihamia hapo miaka ya 1960, baada ya nyumba zao za mtaa wa jirani kubomolewa kupisha chuo kikuu. Shule ya sekondari ya Benito Juarez ilifunguliwa 1977 kwa sababu wazazi, akina mama hasa, waliipigania. Mtambo wa umeme wa makaa ya mawe uliwapulizia moshi hadi 2012. Mwaka 2017 michoro ya jengo lililokuwa Casa Aztlán, kituo cha jamii cha mtaa huo, ilipakwa rangi ikafutwa. Watu wakapiga kelele, na mchoraji Ray Patlán akarudi kuchora upya. Hadithi hii ya mwisho wavulana wanaipenda kupita zote. Wanataka kujua alianzia wapi kuchora.

Kuhusu kumpa kazi, nitawasimulia nilichokiona. Mwishoni mwa Oktoba huwa tunaandaa meza ya Siku ya Wafu, sikukuu ya Wameksiko ya kuwakumbuka marehemu: picha za marehemu, mkate, maua ya rangi ya chungwa. Mvulana mmoja alikuwa amefiwa na binamu yake kwa risasi na hakutaka kuongea na mtu, hata mshauri wa shule. Akaja na kiatu kimoja cha mpira wa kikapu cha marehemu. Alikaa chini akakisugua soli kwa mswaki, taratibu, mpaka kwenye mifereji midogo. Wenzake, ambao kutaniana ndiyo kazi yao, wakamsogelea. Mmoja akavua kamba mpya za viatu vyake akampa. Hapo ndipo alipoanza kusimulia, huku kainama, mikono inapitisha kamba.

Basi msimbane kwa maswali, tafuteni kazi ya mikono. Najua siku hizi wazazi wasio na makaratasi ya uhamiaji wanaogopa hata kwenda dukani, na siwezi kuwaambia watoke. Meza hiyo inaenea kwenye rafu jikoni. Na unga wa tamale, chakula cha Kimeksiko cha mahindi, unahitaji mtu wa kuukanda. Mwiteni mvulana, msimwachie dada yake peke yake.

Mnaoweza kutoka, makumbusho huweka onyesho la Siku ya Wafu kila msimu wa vuli. Nendeni mapema kabla umati haujajaa, na mwacheni mtoto asimame anapotaka.