Goti limekataa, je niwe kocha msaidizi?

SUALI: Asalam alaykum dada. Mie nacheza basketi hapa Unguja tangu skuli, sasa goti limeniachia mara mbili na kocha ananambia nije nimsaidie kufundisha watoto, lakini naona kama ndo kusema nimeshakwisha. Nifanyeje? — Msomaji, Jang'ombe

JIBU: Waalaykum salaam mdogo wangu, pole sana na goti. Hujakwisha hata kidogo! Mtazame Becky Hammon wa Marekani, kacheza WNBA, ligi ya basketi ya wanawake ya kwao, misimu 16 na mwaka 1999 hakuna timu iliyomchagua kwenye drafti, pale timu zinapochagua wachezaji wapya, kaingia kwa jasho lake tu. Mwaka 2013 akaumia goti kama wewe, basi badala ya kukaa nyumbani akawa anakwenda kwenye mazoezi ya San Antonio Spurs, timu ya wanaume ya ligi ya NBA, anakaa na makocha, anatazama nao vidio za mechi, anauliza, na Agosti 2014 wakamuajiri ukocha msaidizi. Tarehe 30 Disemba 2020 kocha mkuu wa Spurs, Popovich, katolewa nje na refa, Becky akaiongoza timu, mwanamke wa kwanza kufanya hivyo kwenye mechi ya ligi ya NBA, mie nilitokwa na machozi wallahi. Halafu akawa kocha mkuu wa Las Vegas Aces, timu ya WNBA, wakachukua ubingwa 2022 na 2023.

Kwa hivyo nenda, chukua daftari, kaa karibu na kocha wako, na hilo goti lionyeshe kwa daktari kwanza usilikimbize.