Kabla hujanunua mashine ya kahawa, fungua mlango wake wa pembeni

Mashine yangu ya kwanza, ya aina inayosaga kahawa na kuipika yenyewe, iliharibiwa na ukungu. Nilikuwa Vwawa kwenye msiba kwa wiki tatu. Niliporudi nyumbani Mbeya na kubonyeza kitufe, harufu iliyotoka haikuwa ya kahawa. Machicha mabichi yalikuwa yameota ukungu mle ndani ambamo kahawa hushindiliwa na kupitishiwa maji ya moto. Kuosha nisingeweza, maana sehemu hiyo ilikuwa imefungwa moja kwa moja, na fundi anayeijua alikuwa Dar es Salaam. Ikapanda basi, zaidi ya kilomita 800, ikarudi na tangi lenye ufa.

Ndiyo maana kila anayeniuliza anunue ipi namwambia kwanza amwombe muuzaji afungue mlango wa pembeni na kuchomoa kile kichujio kikubwa, yaani sehemu hiyo ya kushindilia kahawa. Kwenye mashine nyingi za kampuni za Philips na De'Longhi kinachomoka. Unakisuuza bombani kwa maji ya vuguvugu bila sabuni, unakianika. Kampuni ya Jura wao hukifunga ndani, nawe hukisafisha kwa vidonge maalumu. Kahawa yao ni nzuri sana, ila kwa sisi wa huku juu vidonge vikiisha na fundi yuko mbali, unakwama.

Cha pili ni kisagio, na hapa usikubali kubana pesa. Kiwe na ngazi kadhaa za kusaga, laini hadi chenga, ukumbuke kubadilisha ngazi kikiwa kinazunguka tu. Kahawa yetu ya Mbozi ni arabika, nami naipenda ikikaangwa wastani, rangi ya kahawia. Ile nyeusi inayong'aa mafuta hugandamana kisagioni. Iliyochanganywa sukari au tangawizi usiitie kabisa. Mama mdogo hunikaangia mwenyewe, kahawa tamu kuliko yoyote ya dukani, lakini huanikwa uani, kwa hiyo kabla sijaimimina naimwaga kwenye sinia na kuichambua kama mchele. Kijiwe kimoja kinatosha kuvunja meno ya kisagio.

Usishawishike na maandishi ya bar 15 au 19 kwenye boksi. Bar ni kipimo cha msukumo wa maji, na huo ni uwezo wa juu wa pampu. Espreso yenyewe, ile kahawa nzito ya kikombe kidogo, huhitaji kama bar 9.

Umeme uuwazie mapema. Mashine hizi nyingi hula kama wati 1,500 zinapopasha maji, hivyo stabilaiza ndogo ya televisheni haitoshi. Yangu niliinunua yenye uwezo mkubwa zaidi ya huo, na sijajuta, kwa sababu kwetu umeme ukirudi hurudi kwa kishindo.

Maziwa: kama mnakunywa ya Rungwe yanayotoka kwa mfugaji, yenye utando mnene wa mafuta, chukua mashine yenye bomba la kawaida la mvuke. Vile vimirija vinavyovuta maziwa na kutengeneza povu vyenyewe huziba upesi na vinataka kuoshwa kila siku. Mke wangu alivumilia miezi miwili, akavikataa.

Na kama pesa inatosha mashine ya mtumba tu, ambayo kichujio chake hakichomoki, ningekushauri ununue birika la moka, lile dogo la kupikia kahawa jikoni, na kisagio cha mkono, uendelee kudunduliza. Mimi nilikunywa hivyo mwaka mzima, kahawa ileile ya mama mdogo, na wageni waliomba kikombe cha pili.