Maswali ya wasomaji: mpiga banjo wa Hot Five

SWALI: Mhariri, kwenye santuri za Hot Five, bendi ya jazi ya mpiga tarumbeta Louis Armstrong, banjo inasikika wazi kuliko piano, tena ina uzito kwenye sauti za chini. Nani alikuwa akiipiga, na mbona baadaye hasikiki?

JIBU: Ni Johnny St. Cyr, mzaliwa wa New Orleans, 1890. Bendi nyingi za wakati ule zilitumia banjo ya nyuzi 4. Yeye alipenda banjo-gita, yaani tumbo la banjo lililowambwa ngozi, shingo ya gita na nyuzi 6 zilizotuniwa E A D G B E kama za gita. Uzito unaousikia unatoka hapo.

Kundi lilikuwa koneti (aina ya tarumbeta fupi), klarineti, tromboni, piano na banjo. Ngoma hamna, besi hamna. Walianza kurekodi Chicago, Novemba 1925, bila maikrofoni: sauti iliingia kwenye pembe kubwa, ikatikisa sindano iliyochora kwenye nta. Ngoma kubwa ingeirusha sindano, na gita lingemezwa. Banjo hupasua kisha hufa haraka, ndiyo maana mapigo manne ya kila kipimo husikika kila moja kivyake. Sikiliza wimbo Gut Bucket Blues: anaanza St. Cyr, Armstrong akimchombeza kwa jina. Oriental Strut aliitunga mwenyewe, na kwa sikio letu ndiyo ya kuanzia.

Alishapiga kwenye meli za mto Mississippi na kiongozi wa bendi Fate Marable, akaja Chicago 1923 kwenye bendi ya King Oliver. 1926 akarekodi na mpiga piano Jelly Roll Morton. Maikrofoni zilipoenea, sauti ya gita ikanaswa vizuri, nalo likachukua nafasi ya banjo. St. Cyr akarudi New Orleans kwenye ufundi wake wa kupiga lipu, muziki akiufanya pembeni. Kuanzia 1961 aliongoza bendi kwenye meli ya Disneyland, California. Alifariki 1966.

SWALI: Banjo-gita yangu inanguruma nyuzi za chini, na kuanzia freti (kile kichuma cha kukata shingo) ya 12 sauti zinapotoka. Nifanyeje?

JIBU: Kidaraja, kile kijiti kinachobeba nyuzi juu ya ngozi, hakijagundishwa, kinashikwa na mkazo wa nyuzi tu, kimesogea. Gusa uzi juu ya freti ya 12 bila kubonyeza, upige. Kisha bonyeza hapohapo, upige tena. Sauti ya kubonyeza ikiwa juu, legeza nyuzi kidogo na usogeze kidaraja mbali na shingo. Ikiwa chini, kivute kuelekea shingo. Milimita moja inatosha kubadili mambo.

Kwa ngurumo, kunja kitambaa ukibane kati ya ngozi na mti unaopita ndani ya tumbo, usawa wa kidaraja. Ukizidisha, sauti inakuwa kama ya debe lenye mchanga.

Ngozi ikiwa imelegea, kaza nati zinazozunguka tumbo, kila moja robo mzunguko, ukiruka kila mara upande wa pili. Ukifuata duara, ukingo wa chuma unaobana ngozi unalalia upande mmoja. Ngozi halisi hulegea kwenye unyevu. Ukiikaza siku ya mvua, ilegeze hewa ikikauka, la sivyo itachanika usiku ikiwa imetundikwa ukutani.