Mwachie mkeo ploti yake

*Shikamoo Shangazi. Januari 2019 mimi na mke wangu tulinunua fleti Kilimani kwa milioni 14. Tulitoa milioni 1.4, nyingi zikiwa akiba yake, na benki ikatukopesha milioni 12.6 za kulipa kwa miaka 20. Bei za fleti zimeanguka. Wakala anasema leo sipati zaidi ya milioni 11.5, na deni ni milioni 12.2. Marejesho yalipanda kutoka 147,600 hadi 179,500 kwa mwezi, na kuna mkopo wa gari wa sacco unaokatwa 38,000 kwenye mshahara. Sijalipa benki kwa miezi mitano. Mke wangu ana ploti Ngong, futi hamsini kwa mia, aliyoinunua kabla hatujaoana. Nimemwomba aiweke dhamana, nikamwambia pesa ni za mradi. Amekataa, na mamake anamuunga mkono. Barua ya benki sijamwonyesha nisimtie wasiwasi. Je, huyu ni mke wa kujenga naye? – Baba Wawili, Nairobi*

Marahaba, mwanangu. Pole kwa usingizi unaoukosa. Pole yangu inaishia hapo, kwa sababu katika barua hii anayestahili kuhurumiwa zaidi hajaandika neno.

Umeanza kwa bei za fleti, kana kwamba ndizo zilizokufikisha hapa. Bei ya nyumba haimdai mtu. Jirani yako wa ghorofa ya juu amepata hasara ileile, na kama analipa kila mwezi, itamuuma siku atakapotaka kuuza. Benki imekuandikia kwa sababu marejesho matano hayakuingia. Hayo ni mambo mawili, na wewe umeyafunga pamoja ili lawama ibebwe na soko.

Nadhani pia uliamini kwamba kila ulicholipa kilipunguza deni. Chukua karatasi. Kwa riba ya asilimia 13, kati ya zile 147,600 za mwezi wa kwanza, 136,500 zilikuwa riba. Shilingi 11,100 tu ndizo zilizogusa deni lenyewe. Katika miaka mitano ya mwanzo ulitoa karibu milioni 8.9, na deni likashuka kwa chini ya milioni moja. Mkopo wa miaka 20 ndivyo ulivyo, riba hulipwa kwanza. Ndiyo maana mtu anayeanza na asilimia 10 peke yake hana pa kuegemea bei ikiteleza.

Kupanda kwa marejesho nakubali hukukutafuta. Ulipokopa, sheria ilikuwa bado imeweka kikomo cha riba. Kikomo kiliondolewa Novemba 2019, na mapema 2024 Benki Kuu ilipofikisha kiwango chake cha riba asilimia 13, mikopo ya riba inayobadilika ilipaa. Kwa hesabu yangu wewe ulifika asilimia 17. Hiyo ni nyongeza ya shilingi 32,000 hivi kwa mwezi, si mzaha. Lakini gari linakula 38,000, na umelitaja kwa sentensi moja, katikati, kama mtu anayepita haraka mbele ya duka anakodaiwa.

Sasa nije kwa mkeo. Akiba yake ilinunua sehemu kubwa ya mlango wa kuingilia nyumba hiyo. Leo unamwendea na hadithi ya "mradi", unamwomba hati ya kitu pekee ambacho hakidaiwi na mtu, halafu unaniuliza kama ni mke wa kujenga naye. Amejenga tayari! Mwanamke anayeishi na mume asiyelala anajua kuna jambo, hata kama hajui ni lipi. Mama mkwe wako naye amesikia neno mradi bila maelezo, akamwambia bintiye ashike hati yake. Ningemwambia vivyo hivyo. Ploti hiyo aliinunua kabla ya ndoa, na kwa Sheria ya Mali ya Ndoa ya 2013 si mali ya ndoa. Ukiiweka dhamana ili ulipe deni ambalo mshahara wako haulimudu, miezi minane baadaye mtakuwa na minada miwili.

Na hiyo barua unayoificha, mficha maradhi kifo humuumbua. Mkeo alitia saini ya ridhaa 2019, kwa sababu nyumba ya ndoa haiwekwi rehani bila ridhaa ya mwenzi. Kwa Sheria ya Ardhi ya 2012, benki hukupa kwanza notisi ya miezi mitatu ulipe malimbikizo. Usipolipa inafuata notisi ya kuuza, siku 40, na nakala yake lazima apelekewe mwenzi aliyetoa ridhaa. Atajua kwa mkono wa tarishi. Baada ya hapo dalali hutoa siku 45, kisha tangazo linatoka gazetini. Ukijumlisha hadi tangazo hilo, hupati miezi sita kamili, na hukuniambia barua ya kwanza ina umri gani.

Ndoa za siku hizi zina ugonjwa huu. Watu wanaoga beseni moja lakini hakuna anayejua mwenzake anakatwa nini kwenye mshahara. Mume ana mkopo wa simu, mke ana chama cha siri, na watoto wanaona baba na mama wakipiga picha za kupendeza Diani. Zamani mwanamume aliyeuza mbuzi alimwambia mkewe kabla mbuzi hajavuka boma. Mali bila daftari hupotea bila habari, na daftari la nyumba linahitaji macho ya wawili. Wanaume mnaita ukimya huo kumlinda mke. Mnaulinda uso wenu.

Kwa hiyo zungumza naye leo, watoto wakilala. Mwekee mezani barua ya benki, taarifa ya mkopo, hati ya mshahara na karatasi ya sacco. Usimtaje mamake na usiitaje ploti. Akikasirika, kaa umsikilize hadi amalize.

Gari liuzwe. Likilipa salio la sacco, kinachobaki kiende kwenye malimbikizo, na zile 38,000 zote zirudi kwenye mshahara.

Kisha nendeni benki pamoja, kitengo cha mikopo yenye matatizo, mkiwa na barua ya kuomba mkopo upangwe upya. Hapa wengi hukosea: huomba miaka iongezwe tu. Deni la milioni 12.2, pamoja na malimbikizo, likitandazwa upya kwa miaka 20 kwa asilimia 17 linakurudisha kwa 179,000 zilezile. Kilicho na nguvu ni riba. Kwa asilimia 15 na miaka hiyo 20, marejesho yanakuwa kama 160,600. Benki Kuu imekuwa ikishusha kiwango chake tangu Agosti 2024, kikafika 9.75 Juni 2025, kwa hiyo una hoja ya kuomba. Omba pia riba ya adhabu ifutwe, na majibu yote yawe kwa maandishi. Ahadi ya afisa kwenye simu haimzuii dalali.

Uliza ofisi yako kama unapata punguzo la kodi la riba ya nyumba unayoishi. Tangu mwisho wa Desemba 2024 ni hadi 30,000 kwa mwezi kutoka kwenye mapato yanayotozwa kodi. Kwa anayetozwa asilimia 30, hizo ni 9,000 mfukoni kila mwezi. Benki itakupa cheti cha riba.

Kama baada ya yote hayo mishahara yenu miwili haibebi 160,000, uzeni wenyewe, kwa idhini ya benki, kabla ya mnada. Kwa milioni 11.5 mtabaki na deni la kama 700,000, mbali na gharama za wakala na wakili, nalo mnaweza kukubaliana na benki mlilipe polepole. Mnadani nyumba inaweza kwenda kwa robo chini ya bei ya soko. Hiyo ni milioni 8.6, na mtadaiwa milioni 3.6 pamoja na ada za dalali, bila nyumba, na jina lako likiwa CRB, kwenye orodha ya wasiolipa mikopo. Mkihamia nyumba ya kupanga Rongai au Ruaka, watoto watazoea kabla ya muhula kuisha.

Angalia tarehe iliyo juu ya barua ya benki, uhesabu siku zilizobaki, kisha umwite mkeo.