Maswali na majibu: sauti kubwa na sauti ndogo kwa watoto wadogo

Maswali ya safari hii yanahusu jambo moja: namna ya kumfundisha mtoto mdogo kutofautisha sauti kubwa na sauti ndogo katika muziki. Nimeyafupisha.

Mwanangu ana miaka mitatu na anapenda ngoma, ila anapiga kwa nguvu zake zote kila mara. Nianzie wapi?

Anzia hapo hapo kwenye ngoma. Isimamishe, mwaga mchanga mkavu kidogo juu ya ngozi, kisha gonga karibu na ukingo kwa ncha ya kidole. Punje zitatikisika tu. Piga kwa kiganja, zitaruka. Atataka urudie, na wewe rudia. Anachokiona ndicho chanzo cha yote: ngozi ikitikisika kidogo sauti inakuwa ndogo, ikitikisika sana inakuwa kubwa. Maelezo hayo hayahitaji kwa sasa. Mwombe tu apige pasipo punje hata moja kuruka, uone atakavyouzuia mkono.

Jambo moja nakusihi: usitumie zoezi hili kumnyamazisha. Mtoto akishaona kwamba sauti kubwa ni kosa na sauti ndogo ni adhabu, hatajifunza yoyote kati ya hizo mbili. Kila akipiga kwa sauti ndogo, mpe pia nafasi ya kupiga kwa nguvu, na umsifu kwa zote.

Nafundisha chekechea. Nikiwaambia watoto waongeze sauti wanaongeza na kasi, nikisema wapunguze wanaanza kuukokota wimbo.

Hata kwaya za watu wazima zinasumbuliwa na hilo. Mwili unaotumia nguvu zaidi hutaka pia kwenda haraka. Dawa ni kuipa miguu kazi moja na mikono kazi nyingine. Watembee kwenye duara kwa mapigo yasiyobadilika. Wakati huo wapige makofi, kwanza kiganja kwa kiganja, halafu kwa vidole viwili tu juu ya kiganja. Miguu isitetereke. Wakiweza hivyo, wape mchanganyiko wa kinyume: haraka kwa sauti ndogo, kisha polepole kwa sauti kubwa. Hapo ndipo utakapojua nani ameelewa na nani anafuata mkumbo.

Binti yangu wa miaka mitano nikimwomba aimbe kwa sauti kubwa, anaimba kwa sauti nyembamba.

Sisi wakubwa tunachangia, maana tunasema "sauti ya juu" mara tukimaanisha hili, mara lile. Shika maneno mawili mawili na usiyabadilishe: kubwa na ndogo kwa nguvu ya sauti, nyembamba na nene kwa kupanda na kushuka kwa noti. Kisha mpe gitaa au marimba, apige noti moja ileile kwa nguvu na kwa wepesi. Vinanda vingi vya umeme vya kuchezea havifai hapa, kwa sababu hutoa sauti ileile hata ukibonyeza vipi.

Darasa langu likiambiwa liimbe kwa sauti ndogo, nusu wananong'ona na wengine wananyamaza kabisa. Nifanye nini?

Laiti kila mwalimu angeuliza hivi. Tunahangaika kupunguza kelele na kusahau kwamba sauti ndogo ndiyo inayohitaji kufundishwa. Kupaza sauti mtoto huweza tangu siku anayozaliwa. Kuimba kwa sauti ndogo, pumzi isikatike na noti isishuke, ni ufundi.

Mnong'ono si kuimba. Mtu anaponong'ona nyuzi za sauti kooni hazitetemi, kwa hiyo tuni haipo. Waambie waweke vidole kooni na waimbe "mmm". Watausikia mtetemo. Sasa wapunguze, wapunguze tena, lakini vidole viendelee kuusikia. Ukipotea, wameshavuka mpaka, warudi nyuma kidogo. Baada ya hapo "mmm" ifunguke iwe "maa", kisha waimbe mstari mmoja tu wa wimbo wanaoujua vizuri. Angalia na midomo: kadiri sauti inavyopungua ndivyo matamshi yanavyotakiwa kuwa makali zaidi, la sivyo maneno hayasikiki.

Kisha cheza nao. Mmoja atoke nje, mfiche kitu, naye arudi kukitafuta huku wenzake wakiimba. Akikikaribia waongeze sauti, akienda mbali wapunguze. Mara ya kwanza wataruka kutoka ndogo hadi kelele kwa hatua moja. Mweke mtoto mbele aongoze kwa mikono, akiipanua taratibu na kuikunja taratibu, nao wamfuate. Huu ndio mchezo ninaouamini kuliko yote, kwa kuwa kila mmoja analazimika kusikiliza, na anayetafuta anawategemea kweli.

Alama za p na f niwafundishe lini?

Wakishajua herufi, na wakishaweza kuzitofautisha sauti zenyewe kwa masikio na mikono. Hizi mbili zinatosha kwa kuanzia: p ni piano, sauti ndogo, na f ni forte, sauti kubwa, kwa Kiitaliano. Waeleze pia kwamba piano ya kupigwa iliitwa hivyo kwa sababu hii hii. Fundi wa vinanda Bartolomeo Cristofori aliiunda huko Florence, Italia, karibu mwaka 1700, akaweka nyundo ndogo za kugonga nyuzi. Kidole kizito kikatoa sauti kubwa, chepesi ikatoka ndogo. Harpsikodi, kinanda cha nyuzi kilichoitangulia, ilidonoa nyuzi, na uzito wa kidole haukubadilisha kitu cha maana.

Kuna muziki wowote wa kuwasikilizisha?

Sehemu ya pili ya Simfonia (utungo mrefu wa okestra) namba 94 ya mtunzi Joseph Haydn, iliyopigwa London kwa mara ya kwanza mwaka 1792. Tuni nyepesi inaanza kwa sauti ndogo, inarudiwa kwa sauti ndogo zaidi, halafu okestra nzima inalipuka kwa pigo moja. Usiwaambie mapema.

Mwanangu anasikiliza nyimbo kwa hedifoni. Sauti kiasi gani ni salama?

Shirika la Afya Duniani linashauri watoto wasizidi desibeli 75 (desibeli ni kipimo cha nguvu ya sauti) kwa saa 40 kwa wiki, na watu wazima desibeli 80 kwa muda huo huo. Ikiwa simu ina kikomo cha sauti kwenye mipangilio, kiweke. Kama huna cha kupimia, simama umbali wa mkono mmoja na umsemeshe kwa sauti ya kawaida. Asipokusikia, punguza.