Mtandao "uliogatuliwa" umegatuliwa na nani?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Ninasomea kompyuta hapa Dodoma. Mimi na wenzangu tunaandika mwongozo wa Kiswahili wa Bacalhau, programu ya kuandikia amri ambayo mtu akiwa kwenye kompyuta yake anaweza kuzipa kazi kompyuta nyingine zilizounganishwa, hata ziwe mbali. Nimeandika "kukimbiza kazi kwenye mtandao uliogatuliwa". Mwenzangu anataka "kuendesha kazi kwenye mtandao uliogawanyika". Nani yuko sahihi? – Msomaji, Dodoma

JIBU: Marahaba, mwanangu. Nimefurahi kwamba mnabishana juu ya jambo hili kabla mwongozo haujatoka. Kila mmoja wenu ana maneno mawili ya kubadilisha.

Nianze na "kugatua", maana ndilo zito. Wewe uko Dodoma, mji wa TAMISEMI, na neno hili linatamkwa hapo kila wiki. Mwaka 1972 tulisema "Madaraka Mikoani". Ibara ya 146 ya Katiba yetu inasema serikali za mitaa zipo kwa ajili ya kupeleka madaraka kwa wananchi. Siku hizi tunasema "ugatuaji wa madaraka". Katika yote hayo kuna mwenye madaraka aliyekuwa katikati, akayamega, akayapeleka kwa wengine. Ukisema "uliogatuliwa", ile -w- ya kutendwa inamfanya msomaji aulize: umegatuliwa na nani?

Sasa tazama mtandao wenu unavyofanya kazi. Kuna nodi, yaani kompyuta mojawapo ya mtandao, inayopokea kazi na kuipangia mahali pa kufanyika, na kuna nodi zinazoifanya. Mwenye kompyuta anaweza kuweka masharti ya kazi atakazozipokea, na isiyotimiza masharti hayo inakataliwa. Mamlaka hayo ya kukubali au kukataa hakupewa na mtu. Alikuja nayo pamoja na kompyuta yake. Hapo hapajagatuliwa kitu.

Kwa hiyo andika "mtandao wa kompyuta zilizotawanyika". Ni maneno marefu kidogo, lakini yanasema kilichopo. Mkitaka kueleza habari ya mamlaka, ielezeni kwa sentensi nzima, msiibebeshe kivumishi kimoja. "Mtandao usio na kitovu" ni usemi mzuri na ninaupenda, ila uwekeeni mitandao ambayo kweli haina nodi inayopanga kazi za wengine. Na "uliogawanyika" la mwenzako liacheni kabisa. Kijiji kilichogawanyika ni kijiji chenye ugomvi, na mtandao uliogawanyika mtu ataudhani umekatika.

Tuje kwenye kitenzi. "Kukimbiza" limekujia kwa sababu ya "run" ya Kiingereza. Sisi tunakimbiza kuku, tunakimbiza Mwenge, na mgonjwa tunamkimbiza hospitali. Kazi iliyokimbizwa ni kazi iliyofanywa harakaharaka, na huo si ujumbe mnaotaka kumpa msomaji.

"Kuendesha" liko karibu zaidi, lakini mahali pake si hapo. Nenda siku moja kwenye mashine ya kusaga, usimame pembeni usikilize. Kijana aliyetapakaa unga mpaka kwenye kope anaitwa mwendesha mashine, kwa sababu anachokiendesha ni mashine. Mtama hauendeshwi, unasagwa. Na mama aliyeleta debe lake hasemi ameendesha kitu. Atakwambia amepeleka mtama mashineni, au amesagisha. Ile -ish- ya "sagisha" imebeba habari nzima: mwenye haja ni mmoja na mtendaji ni mwingine.

Mtumiaji wa Bacalhau ni yule mama mwenye debe. Yeye anapeleka kazi, na nodi inaitekeleza. Programu iliyomo ndani ya kompyuta yake mwenyewe, hiyo ndiyo anayoiendesha. Mkishika tofauti hiyo, mwongozo wote utanyooka, kwa sababu msomaji atajua kila wakati ni kompyuta ipi inayofanya nini.

Hukuuliza, lakini naona mtaligonga: ile alama ya utambulisho ambayo programu inakurudishia ukishapeleka kazi. Iiteni "namba ya kazi". Msihofu kwamba ina herufi ndani yake. Namba za magari nazo zina herufi na hakuna anayelalamika. Amri zenyewe zisitafsiriwe, maana kompyuta inazitambua kama zilivyoandikwa. Tafsirini maelezo yake tu.

Na jina Bacalhau liandikeni hivyohivyo. Ni neno la Kireno, samaki wa bahari za baridi aliyekaushwa kwa chumvi. Watu wa pwani wangemfananisha na ng'onda. Waliounda programu hii walilichagua kwa sababu wazo lao ni kazi iifuate data pale ilipo, badala ya data kusafirishwa kuifuata kazi, na herufi za mwanzo za wazo hilo kwa Kiingereza, "Compute over Data", zinasomeka "cod", jina la Kiingereza la samaki huyo. Kireno si kigeni kwetu: kimetupa meza, bendera, leso, na hata mvinyo, ambao ninyi wa Dodoma kwenye zabibu hamhitaji kuelezwa.

Mimi ningeanza aya yenu hivi:

"Andika amri, kisha bonyeza enta. Kazi yako itapelekwa kwenye mtandao wa kompyuta zilizotawanyika, na nodi inayopanga kazi itatafuta nodi iliyo tayari kuipokea na kuitekeleza. Utapewa namba ya kazi. Itunze, kwa kuwa ndiyo utakayoitumia kuulizia kazi imefika wapi na kuchukua matokeo."